Kufundisha Utabiri wa Masika Mahali Pasipo na Masika

Utangulizi

Katika mazoezi ya kufundisha ya mwaka mmoja, mwezi wa Machi, tuliketi nyuma ya darasa la tano katika shule moja ya msingi mkoani Singida tukimsikiliza mwanachuo wetu akifundisha hali ya hewa. Andalio lake lilikuwa safi. Shabaha za somo zilieleweka, ubao ulipangwa vizuri, na mchoro wa wingu la mvua ulipendeza. Somo lilihusu utabiri wa masika uliokuwa umetangazwa redioni siku chache kabla, uliosema kwamba ukanda wa pwani ya kaskazini ungepata mvua za wastani hadi juu ya wastani. Mwanachuo aliandika ubaoni: “Masika huanza Machi na kumalizika Mei. Mwezi wa Machi wakulima hupanda.” Msichana mmoja akanyosha mkono, akasema: “Mwalimu, kwetu alizeti imekwisha kuchanua.” Mwanachuo akautazama ubao, akatutazama sisi, kisha akajibu: “Andika yaliyo ubaoni.” Kengele ikalia. Sisi tulimpa alama nzuri.

Mwezi wa Julai tulirudi katika shule ile kwa kazi nyingine. Mzee mmoja alitufuata chini ya mti ulio mbele ya ofisi, akatusalimu kwa heshima, akatuonyesha daftari la mjukuu wake. Mzee huyo alikuwa amezaliwa Tanga, akafanya kazi miaka mingi, na baada ya kustaafu alihamia Singida kwa watu wa mkewe. Huo ulikuwa mwaka wake wa kwanza kulima huku. Kwao Tanga mahindi hupandwa Machi. Majirani walimwambia kwamba amechelewa, lakini redio ilitangaza masika mazuri, na daftari la mjukuu wake lilisema wakulima hupanda Machi. Chini ya sentensi hiyo palikuwa na alama ya vema ya kalamu nyekundu. Akapanda ekari mbili katikati ya Machi. Katika nusu ya pili ya Aprili mvua zilikatika, na mahindi yakakauka kabla ya kutoa mbelewele. “Silaumu mtu, walimu wangu,” alisema. “Mimi nilikuwa natafuta wa kuniambia ninalolitaka, na daftari likaniambia.”

Makala haya yanatokana na daftari lile. Tunakusudia kuwasaidia wanachuo kufundisha utabiri wa hali ya hewa wa msimu, hasa utabiri wa masika ambao kila mwaka husikika nchi nzima, hata katika mikoa isiyo na masika. Fundisho letu kuu ni hili: kila utabiri una mahali pake, wakati wake na kiasi chake cha uhakika, na mtoto asiyefundishwa kuyauliza mambo hayo matatu hajafundishwa utabiri.

1. Mvua za pwani na mvua za Singida

Mwalimu hana budi kulijua jambo lenyewe kabla ya kutafuta njia ya kulifundisha. Nchi yetu ina aina mbili za maeneo kwa upande wa mvua. Yako maeneo yenye misimu miwili kwa mwaka: mvua za vuli, kuanzia Oktoba hadi Desemba, na mvua za masika, kuanzia Machi hadi Mei. Haya ni pwani ya kaskazini, yaani Tanga, Dar es Salaam, Pwani, visiwa vya Unguja na Pemba pamoja na sehemu ya kaskazini ya Morogoro. Nyanda za juu kaskazini-mashariki, yaani Kilimanjaro, Arusha na Manyara. Na ukanda wa Ziwa Victoria. Maeneo mengine yana msimu mmoja mrefu, kuanzia Novemba hadi Aprili. Humo imo mikoa ya kati, Singida na Dodoma, mikoa ya magharibi na ya nyanda za juu kusini-magharibi, Ruvuma, na pia Lindi na Mtwara. Mwanachuo aone kwamba hata neno “pwani” lina mambo ndani yake: mkulima wa Tanga na mkulima wa Mtwara wote wanaitazama Bahari ya Hindi, lakini kalenda zao za kilimo ni mbili.

Sababu ya tofauti hii ni safari ya jua. Pale jua linapokuwa la utosi, ardhi na bahari hupata joto jingi, hewa hupanda juu, na pepo za kaskazini na za kusini hukutana. Ukanda huo wa makutano ya pepo ndio unaoleta sehemu kubwa ya mvua zetu, nao hulifuata jua kwa kuchelewa kidogo. Kuanzia Oktoba hadi Desemba ukanda hushuka kuelekea kusini na kuipa pwani ya kaskazini mvua za vuli. Januari na Februari ukanda umekwisha kwenda kusini. Pwani ya kaskazini huwa na joto na kaskazi inavuma, wakati Singida imo katikati ya mvua zake. Machi hadi Mei ukanda hurudi kaskazini, na hapo ndipo masika ya pwani yanapoanza, ilhali msimu wa Singida unaelekea ukingoni. Kwa hiyo mwezi uleule wa Machi ni mlango wa kuingilia kwa mkulima wa Tanga, na ni mlango wa kutokea kwa mkulima wa Iramba. Kuanzia Mei hadi Oktoba Singida huwa na kiangazi kirefu, na upepo wa upande wa mashariki na kusini-mashariki huvuma kwa nguvu juu ya nchi kavu.

Kiasi cha mvua nacho ni tofauti. Sehemu nyingi za Singida hupata kati ya milimita 500 na 800 kwa mwaka, na kiasi hicho chote hushuka katika miezi ipatayo sita. Kwa sababu hiyo wakulima wetu hutegemea mazao yanayostahimili ukavu, kama vile mtama, uwele, alizeti na viazi vitamu. Mwezi mmoja wa kuchelewa kupanda hauna wa kuufidia.

Tuseme neno moja pia juu ya vitabu vinavyoeleza majira manne ya mwaka. Katika nchi za kaskazini ya dunia, kama Uingereza, majira ya kuchipua huanza Machi, baada ya baridi kali. Mtoto wa Singida akiyasoma hayo bila maelezo atadhani kwamba Machi ni mwezi wa kuchipua duniani kote. Mwonyeshe miti ya miombo iliyo upande wa Manyoni. Miti ile huanza kutoa majani mapya, mengi yao mekundu, kwenye Septemba na Oktoba, ardhi ikiwa bado kavu na kabla tone la kwanza halijaanguka. Hayo ndiyo majira ya kuchipua ya kwetu.

2. Lugha ya utabiri

Utabiri rasmi katika nchi yetu hutolewa na Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA), ambayo ilikuwa wakala tangu mwaka 1999 na ikafanywa mamlaka kwa sheria ya mwaka 2019. Utabiri una aina nyingi. Upo wa saa 24, upo wa siku chache, wa siku 10, wa mwezi na wa msimu mzima. Ziko pia taarifa za hatari, zinazopangwa kwa ngazi tatu: angalizo, tahadhari, na tahadhari kubwa. Mwanachuo asizichanganye. Utabiri wa msimu hausemi kama kesho mvua itanyesha. Unasema msimu mzima unaelekea upande gani.

Maneno yanayosumbua zaidi ni “wastani”, “juu ya wastani” na “chini ya wastani”. Watu wengi husikia “wastani” wakaelewa “kidogo”, na husikia “juu ya wastani” wakaelewa “mavuno mengi”. Maana yake ni ya hesabu. Mvua huitwa za wastani zikiwa kati ya asilimia 75 na 125 ya wastani wa muda mrefu wa mahali hapo. Zikizidi asilimia 125 ni za juu ya wastani, na zikipungua chini ya asilimia 75 ni za chini ya wastani. Wataalamu huutafuta wastani huo kwa kutumia kumbukumbu za miaka 30.

Tuchukue mfano wa kubuni unaoweza kufanywa ubaoni. Shule moja imepima mvua kwa misimu mitano na kupata milimita 620, 480, 710, 550 na 640. Jumla ni 3,000, na wastani ni milimita 600. Asilimia 75 ya 600 ni 450; asilimia 125 ni 750. Kwa hiyo misimu yote mitano, pamoja na ule wa milimita 480 ambao wazazi waliulalamikia, ilikuwa ya “wastani”. Kutoka 450 hadi 750 pana nafasi ya milimita 300, na ndani ya nafasi hiyo mtu anaweza kuvuna au kukosa. Miaka mitano haitoshi kupata wastani wa kuaminika, lakini yatosha kumfundisha mtoto hesabu hii.

Tena jumla ya mvua haielezi mtawanyiko wake. Milimita 600 zinaweza kunyesha kwa siku 60 zilizopangika vizuri, au kwa siku 20 za mafuriko na ukavu katikati. Mara nyingi katika mikoa ya kati mvua husimama kwa siku kadhaa mwezi wa Januari au Februari, na mazao machanga hunyauka katika msimu ambao kwa jumla utaandikwa kuwa mzuri. Ndiyo maana utabiri kamili hueleza pia mwanzo wa mvua, mwisho wake, na uwezekano wa vipindi virefu vya ukavu. Mwalimu akimwonyesha mwanafunzi kiasi peke yake, amemwonyesha sehemu moja tu ya habari.

3. Utabiri ni uwezekano

Jambo gumu kuliko yote ni kumwelewesha mtoto kwamba utabiri hupima uwezekano. Sisi walimu tumezoea majibu mawili, vema na kosa. Utabiri wa msimu haumo katika mojawapo. Husema, kwa mfano, kwamba uwezekano wa mvua za juu ya wastani ni asilimia 45, za wastani 35, na za chini ya wastani 20. Mtu akisikia hivyo hukumbuka fungu la kwanza tu, na mvua zikipungua husema redio imedanganya.

Zana ya kufundishia jambo hili haina gharama. Kusanya vizibo 20 vya soda. Ndani ya vizibo 9 andika J (juu), ndani ya 7 andika W (wastani), na ndani ya 4 andika C (chini). Vitie mfukoni. Kila mwanafunzi atoe kizibo kimoja bila kuchungulia, asome herufi, mwenzake aandike ubaoni, kisha kizibo kirudishwe. Wanafunzi 40 watakuwa wameishi misimu 40. Wataona kwamba J inatoka zaidi, lakini C inatoka pia, na mara nyingine inatoka mara mbili mfululizo. Katika madarasa tuliyolifanyia zoezi hili, watoto hupiga kelele C inapotoka, wakidhani kuna aliyekosea. Hapo ndipo mwalimu aulize: “Mfuko umesema uongo?” Mfuko haukusema uongo, C ilikuwamo tangu mwanzo, nafasi 1 katika kila 5.

Kisha aulize swali la maana zaidi: “Kama ndivyo, mkulima afanye nini?” Majibu ya watoto wa wakulima ni mazuri kuliko tunavyotazamia. Wengine husema apande sehemu kubwa mahindi na sehemu ndogo mtama. Wengine husema asiuze chakula chote cha mwaka jana. Mtoto aliyefikia jibu hilo ameuelewa utabiri wa msimu, hata kama neno asilimia bado linamtatiza.

Inafaa mwalimu ajue pia kwamba misimu yote haitabiriki kwa urahisi ule ule. Mvua za vuli hufuata kwa kiasi kikubwa joto la bahari. El Niño ya mwaka 1997 na 1998 ilileta mvua nyingi sana Afrika Mashariki. Na mwaka 2019, sehemu ya magharibi ya Bahari ya Hindi ilipopata joto kuliko ya mashariki, vuli ilikuwa kubwa pia. Masika hayana kiongozi mmoja wa namna hiyo, na kwa hiyo ni magumu zaidi kuyatabiri. Vimbunga vya kusini-magharibi mwa Bahari ya Hindi navyo huweza kuyavuruga: kimbunga kilicho mbali, upande wa Madagaska au Msumbiji, huweza kuvuta unyevu na kusimamisha mvua za pwani yetu kwa siku kadhaa, na kikikaribia huweza kuleta gharika.

4. Andalio la somo

Tunapendekeza somo la vipindi viwili mfululizo, dakika 80, kwa darasa la tano au la sita.

Shabaha: Mwisho wa somo wanafunzi waweze (a) kutaja miezi ya mvua ya pwani ya kaskazini na ya Singida; (b) kueleza kwa maneno yao maana ya mvua za wastani; (c) kuuliza maswali matatu juu ya utabiri wowote: ni wa wapi, ni wa lini, una uhakika kiasi gani.

Zana: Ramani ya Tanzania iliyochorwa kwenye gunia au karatasi kubwa, vizibo 20, fimbo iliyonyooka ya urefu wa mita moja, maandishi ya utabiri halisi uliosikika redioni au uliopatikana kwa simu, yaliyonakiliwa neno kwa neno.

Hatua ya kwanza (dakika 15): Wanafunzi waeleze kalenda ya kilimo ya nyumbani kwao. Mwalimu aandike miezi 12 ubaoni kwa mstari mmoja, na chini ya kila mwezi aandike wanayosema: kutifua, kupanda, kupalilia, kuchanua, kuvuna, kupura. Asisahihishe neno katika hatua hii.

Hatua ya pili (dakika 15): Chini ya mstari huo mwalimu aongeze mstari wa pili wa mkulima wa Tanga au wa Unguja, wenye vuli na masika. Wanafunzi walinganishe. Watagundua wenyewe kwamba kwetu Machi alizeti inachanua, wakati kule mbegu inaingia ardhini.

Hatua ya tatu (dakika 15): Kwenye ramani wafuate njia ya kutoka Dar es Salaam, Morogoro, Dodoma, Manyoni hadi Singida mjini, mwendo wa takriban kilomita 700. Waoneshe penye misimu miwili na penye msimu mmoja. Kisha mwalimu aeleze kwa ufupi safari ya ukanda wa mvua.

Hatua ya nne (dakika 20): Zoezi la vizibo, kama tulivyoeleza.

Hatua ya tano (dakika 15): Wanafunzi wasome utabiri halisi katika makundi na kujibu maswali matatu. Kundi lisiloona jina la mkoa wa Singida katika utabiri wa masika liandike hivyo waziwazi: “Utabiri huu hautuhusu katika kupanda.” Kisha wajadili unawahusu nani, na kama unatuhusu kwa njia nyingine.

Swali hili la mwisho lisiachwe. Habari za pwani hutufikia hata kama mvua yake haitufikii. Kaka na dada za wanafunzi wetu wanaishi Dar es Salaam, wengine katika mabonde. Mwezi wa Aprili 2024 Waziri Mkuu aliliarifu Bunge kwamba watu 155 walikuwa wamepoteza maisha nchini kutokana na mvua kubwa na mafuriko, na mwanzoni mwa Mei mwaka ule ule Kimbunga Hidaya kilifika katika pwani yetu. Mtoto wa Singida anayeweza kumsomea mama yake tahadhari, na kumweleza kwamba inamhusu mjomba aliye bondeni na haihusu shamba lao, amefanya kazi ya mtu mzima.

Kazi ya nje: Fimbo isimikwe wima uwanjani, na kivuli chake kipimwe mara moja kwa juma, kati ya saa 6 na nusu na saa 7 mchana, pale kinapokuwa kifupi kabisa. Hapa Singida jua huwa la utosi mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba; siku hizo kivuli hukaribia kutoweka. Kuanzia Oktoba hadi Machi kivuli cha mchana huelekea kaskazini, kwa kuwa jua liko kusini yetu. Miezi mingine huelekea kusini. Wanafunzi wakiweka alama za mawe mwaka mzima wataona kwamba msimu wetu wa mvua unakaribiana sana na miezi ya kivuli cha kaskazini. Hapo maelezo ya ukanda wa mvua hayatakuwa hadithi ya kitabu.

5. Kupima ili kuuhukumu utabiri

Utabiri ukisomwa na kusahauliwa haufundishi kitu. Shule iwe na kipimo chake cha mvua. Kopo lenye kuta zilizonyooka na mdomo sawa na kitako latosha. Lifungwe kwenye mti mfupi, mdomo wake ukiwa kama sentimita 30 juu ya ardhi, mbali na miti na majengo kwa umbali usiopungua mara mbili ya urefu wa kitu hicho, na lizungushiwe miiba ili mbuzi wasilifikie. Kila siku saa 3 asubuhi wanafunzi wa zamu wapime kina cha maji kwa rula, waandike, kisha wamwage. Milimita moja ya mvua ni sawa na lita moja katika kila mita mraba. Ukweli huu uwafanye wakokotoe maji yaliyoanguka juu ya bati la darasa lao.

Mvua ndogo ni vigumu kuipima kwa rula. Maji ya kopo yamiminwe katika chupa nyembamba iliyonyooka. Ikiwa upana wa kopo ni sentimita 10 na wa chupa ni sentimita 5, kina kitaongezeka mara nne, na milimita 1 itasomeka kama 4. Wanafunzi wa darasa la sita waweza kuthibitisha sababu kwa kutumia eneo la duara.

Utabiri wa msimu wetu hutolewa karibu na mwezi wa Oktoba, kabla ya mvua kuanza. Unakiliwe na kubandikwa ukutani. Aprili, mvua zikiisha, darasa lilinganishe yaliyotabiriwa na yaliyopimwa: mwanzo, mwisho, jumla, na kipindi kirefu kabisa cha ukavu. Darasa la mwaka mmoja liachie daftari darasa linalofuata.

6. Wazee na redio

Mwanachuo atasikia kwamba wazee wa kijiji wana utabiri wao: kuchipua kwa miti fulani, kufika kwa ndege fulani, mwelekeo wa upepo alfajiri. Wako wanaoyadharau mambo haya, na wako wanaoyatukuza kupita kiasi. Tunashauri wanafunzi waziandike dalili hizo kwa tarehe, kama wanavyoandika milimita, na mwisho wa msimu waone ipi ilitimia. Dalili za wazee zina sifa moja ambayo redio haina: zimetoka mahali palepale panapolimwa. Redio nayo ina sifa ambayo wazee hawana: inaiona bahari nzima. Majirani wa yule mzee wa Tanga walikuwa na dalili zao, nao walisema kweli.

Hitimisho

Tumejiuliza mara nyingi ni nani aliyekosa siku ile darasani. Mwanachuo alikuwa kijana, akiogopa alama zetu. Kosa kubwa lilikuwa letu, tuliokuwa tumeketi nyuma tukiangalia usafi wa andalio, tukamwacha mtoto aliyesema kweli aambiwe anyamaze. Baada ya mazungumzo yale ya Julai tuliongeza swali moja katika karatasi yetu ya kumpimia mwanachuo: “Mwanafunzi aliposema jambo analoliona kwao, mwalimu alifanya nini?”

Mwanachuo, siku moja mtoto atakunyoshea mkono na kusema kwamba ubao na shamba havipatani. Weka chaki chini. Mwulize ameona nini, lini na wapi. Liulize darasa kama na wengine wameona. Halafu rudini pamoja katika kitabu. Ikiwa ubao umekosa, ufute mbele yao.

Maswali ya kujadili

1. Tafuta utabiri wa msimu uliotolewa karibuni. Uandike upya kwa lugha ambayo mwanafunzi wa darasa la tano wa wilaya yako ataielewa, bila kupunguza habari ya mahali, wakati na uhakika.

2. Mzazi anakuja shuleni kukulaumu kwamba utabiri uliomfundisha mwanawe haukutimia. Andika maneno utakayomjibu.

3. Chora kalenda mbili za kilimo, ya kijiji unachokijua na ya mahali pengine pa Tanzania. Onyesha mwezi ambao mtoto wa mahali pamoja angeweza kupotoshwa na kitabu kilichoandikwa kwa ajili ya mahali pengine.